Kumpeleka Mtoto Mchanga Nyumbani kwa Ndugu: Hatua kwa Hatua

Wazazi wengi huhangaikia ndege mwezi mzima, halafu hufika nyumbani bila mpango wowote. Kwa niliyoyaona nikisafiri na wanangu, ndege hupita. Kinachomchosha mtoto ni kuzungushwa nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo habari za ndege nitazipitia haraka.

Hatua ya 1: Karatasi. Mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe hata kama bado ana wiki chache tu, na viza pia kama inatakiwa. Ukisafiri bila mzazi mwenzio, beba barua ya idhini yenye sahihi yake pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa kama jina lako la ukoo na la mtoto hayafanani.

Hatua ya 2: Kliniki. Nenda wiki sita hivi kabla ya safari. Kama unakokwenda kuna mlipuko wa surua, mtoto anaweza kuchanjwa mapema, kuanzia miezi 6. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida haitolewi kabla ya miezi 9, na cheti chake huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Kama kuna malaria, beba chandarua chenye dawa, na uulizie dawa ya kinga inayolingana na uzito wa mtoto.

Hatua ya 3: Tiketi. Aliye chini ya miaka 2 hupakatwa. Akitimiza miaka 2 mkiwa bado huko, wakati wa kurudi atahitaji kiti chake. Kwenye safari ndefu, pigia shirika la ndege mapema uombe kitanda cha mtoto kinachofungwa ukutani. Huwa ni vichache, na vina kikomo cha uzito.

Hatua ya 4: Ndani ya ndege. Hesabu nepi moja kwa kila saa ya safari, nguo mbili za mtoto, na blauzi au shati moja la kwako. Maziwa ya kopo yakishakorogwa, yatumike ndani ya saa 2. Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka, na kushuka huanza karibu nusu saa kabla ya kutua. Mnyonyeshe au mpe chupa wakati huo, usingoje hadi magurudumu yatolewe.

Hatua ya 5: Ujumbe kwa ndugu. Hatua hii ndiyo inayookoa safari nzima. Siku chache kabla ya kuondoka, andika kwenye kundi la familia:

"Ndugu zetu wapendwa, tunafika Alhamisi usiku. Ijumaa na Jumamosi tutapumzika ili mtoto azoee saa za huko. Jumapili kuanzia saa nane mchana, karibuni nyote kwa mama mje mumwone. Mwenye mafua au kikohozi, tunamwomba apone kwanza. Tuna hamu sana ya kuwaona."

Usiombe radhi ndani yake. Na kila mzazi aseme na watu wa kwao: neno la kumzuia shangazi asimbusu mtoto mdomoni halileti chuki likitoka kwa mpwa wake mwenyewe. Kifaduro na virusi vya mafua huweza kumlaza mtoto mchanga hospitalini, ingawa kwa mtu mzima ni kikohozi tu.

Hatua ya 6: Ziara. Chagua nyumba moja iwe kituo, watu waje hapo. Mkitoka, iwe ziara moja kwa siku, baada ya mtoto kuamka usingizi wa mchana. Marafiki waalike pamoja. Watakuwa wamekutana, nawe hujazunguka mji.

Mtoto wa miezi 8 au 9 mara nyingi huogopa sura ngeni. Bibi aliyemsubiri mwaka mzima anamnyooshea mikono, mtoto anapiga kelele, na bibi anaumia moyoni. Usimkabidhi mlangoni. Kaa karibu na bibi ukiwa umempakata, zungumzeni wenyewe, umpe bibi kitu cha kuchezea akishike. Mara nyingi mtoto hukisogelea mwenyewe.

Kama hajafikisha miezi 6, mpe bibi kazi ya kulinda: hakuna maji, hakuna kuonjeshwa chakula. Bibi akishasema, nani atabisha?

Hatua ya 7: Usingizi. Mlaze chali, peke yake, juu ya godoro gumu lisilo na mito. Asubuhi mtoe kwenye mwanga wa jua, usiku punguza taa. Saa zake zitajirekebisha baada ya siku chache.

Hatua ya 8: Akiugua. Beba kipimajoto na uulize mapema hospitali ya karibu iko wapi. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38 au zaidi, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama sebule imejaa wageni.