Jua linavyomchoma anayemeza amiodaroni, na namna ya kujikinga

Amiodaroni hutuliza moyo unaodunda ovyo. Shida ni kwamba dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, ikijirundika kwenye mafuta na kwenye ngozi, na huko ndiko inakokutana na jua. Mgonjwa anaanika nguo dakika chache tu, uso unawaka kama umepakwa pilipili. Ngozi nyeusi hupunguza hatari, haiiondoi. Tena wekundu hauonekani vizuri juu yake, kwa hiyo moto husikika kabla alama haijaonekana. Ukiusikia, toka juani hapo hapo.

Mionzi inayohusika zaidi ni UVA, aina ya mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, na hii ndiyo inayowaponza wengi. Hupenya kioo cha dirisha, hupita kwenye mawingu mepesi, na ipo hata asubuhi wakati jua linaonekana la upole. Kukwepa jua kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni lazima, ila usidhani saa nyingine uko salama kabisa. Dereva wa Kenya au Tanzania huungua mkono wa kulia, ulio upande wa dirisha, hata kioo kikiwa kimepandishwa. Abiria achague siti ya kivulini: ukitoka Mombasa kwenda Malindi asubuhi, jua liko kulia, basi kaa kushoto.

Tegemea nguo kwanza, losheni baadaye. Inua kitambaa mbele ya taa. Mwanga ukipenya, jua nalo litapenya. Kitenge kizito kinafaa, mtandio wa shifoni haufai, na pamba ikilowa jasho kinga yake hupungua. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, kwani kapelo huacha masikio na shingo wazi. Mwamvuli ni mzuri, isipokuwa ufukweni, ambako mchanga na maji hurudisha mwanga kutoka chini.

Losheni ya kukinga jua iwe SPF 50 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga), lakini usiishie kwenye namba hiyo: hupima hasa kinga dhidi ya UVB, aina nyingine ya mionzi ya jua. Angalia kama chupa ina herufi UVA ndani ya duara, kisha soma viambato utafute zinki oksidi. Zipo zenye rangi ya ngozi, na hizo ndizo bora kwa wagonjwa hawa, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia sehemu ya mwanga unaoonekana kwa macho, na haziachi uso mweupe kama unga. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Paka dakika 20 kabla ya kutoka, rudia kila saa 2, na kila ukitoka jasho jingi. Kupaka kidogo ndiko kunakoharibu kazi. Usisahau masikio, kisogo, migongo ya mikono na juu ya nyayo kama unavaa ndala. Mafuta ya nazi si kinga.

Baada ya miaka ya kutumia dawa, uso unaweza kugeuka kijivu chenye ubuluu. Tafadhali, usikimbilie mkorogo! Unaikondesha ngozi na kuiacha wazi zaidi kwa jua. Mweleze daktari, huenda akapunguza dozi. Mtajie pia dawa nyingine unazomeza, maana antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini, na haidroklorothiazaidi ya presha nazo huifanya ngozi ichomeke na jua.

Ukiungua, mwagia maji baridi ya bomba dakika 10 hadi 20, bila barafu wala dawa ya meno. Malengelenge usiyapasue. Yakienea, au ukipata homa, nenda hospitali.

Dawa usiiache mwenyewe, moyo unaweza kurudia vurugu zake. Hata daktari akiisitisha, nusu yake huchukua wastani wa karibu miezi 2 kutoka mwilini, kwa hiyo kofia na losheni viendelee kwa miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho.