Somo: Kusafirisha mayai ya nyuki ili kuokoa mbegu ya malkia

Wadau, malkia bora akizeeka, wengi hubeba mabuu (watoto wa nyuki waliokwisha kuanguliwa) ili kupata malkia wapya wa mbegu yake kwenye mzinga mwingine. Bebeni mayai. Buu lisipolishwa hudhoofika upesi, bali yai lina akiba yake ya chakula kwa siku 3 hadi kuanguliwa. Adui zake ni baridi na ukavu.

1. Mfungie malkia ndani ya kizuizi kwenye sega tupu lililokwisha kujengwa, katikati ya majana (masega yenye mayai na watoto wa nyuki), kwa saa 24. Ukiruka hatua hii hutajua umri wa mayai, na hesabu yote itakuwa ya kubahatisha.

2. Mwachilie malkia, kisha waondoe nyuki kwa brashi laini. Usikung'ute sega.

3. Andaa sanduku linalohifadhi joto. Weka ndani chupa za maji ya moto zilizoviringishwa taulo, zisiguse sega, na kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Kipimajoto kikae kando ya mayai: nyuzi 34 hadi 35. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 50, mayai mengi hayaanguliwi hata kama joto ni sahihi. Hapa ndipo wengi hukosea. Sega lisimame kama lilivyoning'inia mzingani.

4. Siku hiyohiyo litie katika kundi lisilo na malkia, lenye nyuki wachanga wengi. Saa 96 tangu malkia afungiwe, hamishia mabuu kwenye vikombe vya kulelea malkia. Siku ya 10 baada ya hapo tenganisha vyumba vyote vya malkia, kwani malkia wa kwanza kutoka huua wenzake.

MASWALI

Mwalimu, njiani joto lilishuka hadi 22. Nitupe sega?
Hapana. Ukuaji umepungua kasi tu, kwa hiyo acha kufuata saa. Chagua buu linalokaribia ukubwa wa yai, limelala juu ya maziwa ya nyuki (chakula cheupe cha mabuu).

Naweza kuweka mayai kwenye friji wiki moja?
Usifanye hivyo. Kiinitete, yaani nyuki anayekua ndani ya yai, huuawa na ubaridi wenyewe, kabla hata barafu haijaundwa.

Basi mbegu ihifadhiweje kwa miaka?
Kwa shahawa za madume, ndani ya naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi -196. Dume mmoja hutoa takriban mikrolita 1; malkia mmoja hupandikizwa mikrolita 8 hadi 12. Kumbuka unahifadhi upande wa dume tu. Ukimpandikiza malkia wa nje, kisha mabinti zake kizazi baada ya kizazi, kwa shahawa za ukoo uleule, damu ya ukoo huo hurudi kwa asilimia 50, kisha 75, kisha 87.5.