Kabla hujaomba chuo cha Kikristo soma hapa kwanza

Wadogo zangu mliomaliza fomu siksi, matokeo yakitoka tu kila mtu atakuja na chuo chake, mchungaji ana cha dayosisi, shangazi kasikia kuna chuo cha masista hakuna uhuni basi anataka uende hukohuko. Nia zao nzuri. Ila ukienda chuo ili uchungwe tu, utamaliza miaka mitatu umechungwa vizuri na kichwani hamna kitu.

Na kama ni maombi, hata UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambacho ni cha serikali, yapo, kuna vikundi vya wanafunzi Wakristo kama TAFES na CASFETA, Wakatoliki wana TMCS, utasali mpaka uchoke. Kwahiyo sababu ya kuchagua chuo cha Kikristo iwe nyingine, iwe kwamba pale utafundishwa na watu wanaokujua kwa jina na utapenda kusoma. Yesu mwenyewe alisema umpende Mungu "kwa akili zako zote", na akili nazo zinataka kulishwa jamani.

Anza na kozi, dhehebu baadae. Hivi vyuo havifanani kabisa. Anaetaka udaktari aangalie KCMC University pale Moshi (zamani kiliitwa KCMUCo), kipo palepale na hospitali ya KCMC iliyofunguliwa 1971, au CUHAS, chuo cha Wakatoliki cha Mwanza ambacho kipo hospitali ya Bugando, yaani ulichosoma darasani unakikuta wodini kina jina na kina ndugu zake wamekaa nje wanasubiri, hapo hata uvivu unaona aibu. Uandishi wa habari nenda SAUT, chuo cha Wakatoliki hukohuko Mwanza, kimekuwa chuo kikuu 1998 lakini pale Nyegezi walikuwa wanafundisha tangu 1960. Makumira, chuo cha Walutheri kule Arusha, watu wanajua theolojia tu, kumbe wana mpaka digrii ya muziki.

Halafu ingia kwenye tovuti ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, uhakikishe chuo na kozi vyote vinatambulika, usiishie kwenye bango. Ada pia, Bodi ya Mikopo inakopesha hata wa vyuo binafsi ila ikikupangia kidogo kuliko ada, kilichobaki ni chako na mzazi, kaeni mpige hesabu mapema.

Sasa hapa ndio penyewe. Ukiweza fika chuoni, usiende ofisi ya udahili maana wale lazima wasifie, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili kantini umuulize mara ya mwisho ameazima kitabu laibrari lini. Akicheka, jibu umepata, hapo wanaishi kwa madesa, yaani notisi za kutoa kopi. Uliza lekcha anapatikana nje ya kipindi au anapotea na gari yake, uliza darasani mko wangapi. Na uliza hivi, mtu akiuliza swali gumu la imani inakuwaje? Maana ukiuliza kuhusu mageuzi ya viumbe kwenye kipindi cha baiolojia ukaambiwa acha kumjaribu Mungu, hicho sio chuo, ni semina ya vijana. Chuo cha Kikristo kizuri ni kile ambacho mwalimu anaamini na bado haogopi swali lako, anakwambia kaa tulijadili, soma na hiki kitabu, wiki ijayo urudi. Mimi kwa hicho tu ningelipa ada.

Sheria za mavazi na muda wa kurudi hosteli zisome kabla, usije ukalalamika umeshafika. Chuo cha Wasabato kama University of Arusha Jumamosi hakuna vipindi. Na kama sio dhehebu lao usiogope, SAUT wanasoma hadi Waislamu.

Ukishafika, kupenda kusoma hakuji kwenyewe. Kila wiki soma kitu kimoja ambacho hakipo kwenye desa wala hakitatoka kwenye mtihani. Kwenye kikundi kila mtu apewe mada awafundishe wenzake, ukishindwa kuieleza ujue hujaielewa. Kwaya imba, ila chagua moja, nimeona watu wanapata sapu (mitihani ya kurudia) za kutosha kwasababu ya mazoezi ya kila jioni na wanasema ni majaribu ya shetani.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa ile namba ya siri (code) utakayotumiwa kabla muda haujaisha, na ufanye mwenyewe, usimwachie kijana wa steshenari.