Umeokota mbwa koko? Kabla hujamwosha Popi, kaangalie ukuta wako

Habari wadau. Naandika hii baada ya kumsaidia jirani yangu hapa Ilazo, Dodoma, yeye na wanae walimchukua mbwa koko aliyekuwa anashinda jalalani, wakampa jina Popi, halafu wakaanza kuhangaika na kupe mpaka mama mwenye nyumba akawa anataka mbwa aondoke. Kwahiyo nitapita haraka kwenye mengine, kwenye kupe nitakaa.

Hatua ya 1: Mwache azoee

Siku za mwanzo mpe maji, chakula, kivuli, basi. Usimfunge kamba kutwa. Watoto wasimguse akiwa anakula, mbwa wa mtaani kazoea kunyang'anywa.

Hatua ya 2: Chanjo ya kichaa

Hii haina mjadala. Kuanzia miezi 3 anachomwa, na unarudia kila mwaka. Hujui kama alishachanjwa? Mchanje tu, kurudia hakumdhuru. Ulizia kwa mtaalam wa mifugo wa kata yako, hasa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ndo siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi kunakuwa na chanjo za kampeni. Kadi itunze vizuri. Na akimng'ata mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyo hiyo, mambo ya kupaka mafuta ya taa au majani achaneni nayo.

Hatua ya 3: Minyoo

Kidonge kila miezi mitatu kwa mkubwa. Mtoto wa mbwa kila wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu. Twende.

Hatua ya 4: Kupe (hapa ndo penyewe)

Watu wanaosha mbwa kila jumamosi na kupe hawaishi, wanasema dawa feki. Dawa sio feki. Kupe wa kahawia wa mbwa hakai kwa mbwa muda wote, anapanda ananyonya siku kadhaa, akishiba anadondoka na kujificha kwenye ufa, huko anajivua ngozi, anakua, anarudi tena, hivyo hivyo mara tatu maishani mwake. Jike likishiba linafanana na punje ya kunde ya kijivu, na hilo likidondoka linaenda kutaga mayai maelfu kwa mpigo. Yani kupe unaowaona kwa Popi ni wachache tu, wengine wote wako ndani kwako.

Sasa chukua tochi usiku. Angalia nyuma ya mlango, kwenye kona, chini ya kile kigunia anacholalia, kwenye matofali kama nyumba haijapigwa plasta, na juu, maana hawa wanapenda kupanda, kwa jirani tuliwakuta wamejipanga kwenye kenchi za banda la kuku alipokuwa analala Popi.

Kwenye nyumba: choma kile kigunia, ziba nyufa kwa saruji, halafu pulizia dawa ya kupe kwenye kuta, sakafu na banda kwa bomba dogo la mkono. Kuku watoe, paka mtoe kabisa mpaka pakauke, dawa nyingi za hivi kwa paka ni sumu. Na rudia baada ya wiki mbili, kisha tena, na tena. Mayai hayafi kwa dawa, unawasubiri waanguliwe uwakute. Hapa ndo watu wengi wanachoka, wanapuliza mara moja wanaacha, baada ya miezi miwili wanalia tena.

Kwa mbwa mwenyewe: mimi napendelea kidonge cha kutafuna cha kupe, kikifanya kazi unasahau kwa wiki kadhaa, ila bei yake imechangamka na kuna wakati lazima uagizie Dar. Ukishindwa, ya kuogeshea ipo kila duka la dawa za mifugo. Yenye amitrazi 12.5% ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, SIO kukadiria kwa kizibo, na soma lebo kwanza maana nguvu zinatofautiana. Vaa glavu, usimwogeshe mwenye vidonda wala mtoto chini ya miezi minne, usimsuuze, mwache akauke kivulini. Ile ya ng'ombe iliyobaki kwenye ndoo tangu juzi mwaga.

Kung'oa kwa mkono: kibano, shika karibu na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, tumbukiza kwenye spiriti. Usimchome na kiberiti na usimtumbue kwa kucha. Pekua ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu, hapo wanasahaulika sana.

Akikataa kula, ana homa, fizi zimekuwa nyeupe, damu inatoka puani au mkojo umekuwa wa kahawia, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe, kimbia kwa daktari wa mifugo leo sio kesho. Inatibika ikiwahiwa.

Utajuaje umeshinda? Popi sasa hivi analala chali katikati ya uwanja, miguu minne juu, hajikuni, na mama mwenye nyumba ndo anamtupia makoko ya ugali. Akisikia bodaboda ya baba yao anakimbia getini na ndala moja mdomoni, sijui nani kamfundisha.

Hatua ya 5: Chakula

Dona na dagaa, au utumbo na mapafu ya machinjioni, ila yachemshwe hasa, mabichi yana minyoo tegu inayofika mpaka kwa binadamu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, vitunguu hapana. Halafu kubwa kwetu sisi wa Dodoma: ZABIBU. Mbichi, kavu, hata makapi ya kukamulia mvinyo, zinaua figo za mbwa na hakuna kiasi cha kusema hiki ni salama. Msimu wa mavuno waambie watoto wasimrushie.

Hatua ya 6: Kuhasi

Jike anabeba mimba kama siku 63 tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe. Elewana bei na daktari mapema, mpeleke asubuhi akiwa hajala, na usimruhusu kulamba mshono. La mwisho, nje ya kuhasi: mchana ardhi ya hapa ikipigwa na jua inaunguza nyayo zake, kwahiyo matembezi ni alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni.