Kila mtu aje na kitu: namna ya kuendesha ibada ya nyumbani kwa zamu bila kumzimisha Roho

Shalom wapendwa. Hii naandika kwa ajili ya wenye vikundi vya nyumbani, iwe mnaita seli, iwe jumuiya, iwe ushirika wa jioni, na hasa vile ambavyo kila wiki anaongea mtu mmoja tu halafu wengine kumi na wawili wanaitikia amina, wanakunywa chai, wanasepa. Sisi tulikuwa hivyo hivyo. Tunakutana Tabata, Dar es Salaam, sebuleni kwa mtu, viti vya plastiki na mkeka, kila Alhamisi, na tulikaa karibu miaka miwili bila kushtuka kwamba tunachokiita ibada ni hotuba ya kiongozi (yaani mimi) na mapambio mawili ya kufungulia.

Kilichotushtua ni aibu. Siku moja kuna ndugu alishukiwa, akaanza kunena kwa lugha, akahamia kwenye unabii, kutoka hapo akaingia kwenye mahubiri kabisa, dakika kama arobaini hivi hata hapumui, na hakuna aliyethubutu kumgusa maana nani atamkatiza Roho Mtakatifu? Sasa pale karibu na mlango alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, mkononi ana karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, kila yule ndugu akishusha sauti mama anaifungua, akipandisha anaikunja. Ilipofika saa tatu kasoro akainuka taratibu, akatuaga kwa mkono, akawahi gari la Kinyerezi. Alhamisi iliyofuata nikamuuliza, mama, ile karatasi ilikuwa ya nini? Akaniambia, "Shukrani tu mwanangu, mjukuu wangu alitoka hospitali, nikaandika na zaburi yake, lakini nikaona Roho ana shughuli na mwenzangu." Nilikosa cha kumjibu.

Ndo tukarudi kwenye 1 Wakorintho 14, tukaisoma polepole wiki tatu mfululizo.

Kwanza jua Paulo alikuwa anaongea na watu gani. Barua ameiandika akiwa Efeso, miaka ya 50 baada ya Kristo, kwa kanisa lililokuwa linakutana majumbani (kwenye Warumi 16:23 anamtaja Gayo kuwa ndiye mwenyeji wake na wa kanisa lote). Mji wa Korintho, kule Ugiriki, Warumi waliubomoa mwaka 146 KK, Julius Caesar akauanzisha upya mwaka 44 KK kama koloni, na ulikuwa na bandari mbili, Kenkrea upande mmoja na Lekayo upande wa pili, kwa hiyo we piga picha Kariakoo halafu iweke katikati ya bandari mbili, watumwa walioachwa huru, mabaharia, wafanyabiashara, matajiri wachache, wote hao kwenye nyumba moja. Hawakuwa na shida ya ubaridi hawa watu. Kila mmoja alikuwa na kitu na wote wanataka kukitoa kwa mpigo, na hata kwenye chakula ilikuwa vurugu, sura ya 11 inasema mmoja ana njaa na mwingine amelewa.

Sasa angalia dawa aliyowapa, maana mimi hapa ndo niliposhangaa. Kwenye sura nzima ya 14 Paulo hajasema tafuteni MC. Hajamtaja mzee wala kiongozi wa kunyamazisha watu. Breki kaiweka mkononi mwa yule yule anayenena: asipokuwepo wa kufasiri anyamaze, mwingine aliyeketi akifunuliwa neno yule wa kwanza na anyamaze, na akapigilia msumari kwamba roho za manabii huwatii manabii. Kwa hiyo ile habari ya "Roho amenishika siwezi kuacha" haipo, unaweza kuacha. Na ukicheki vizuri utaona utaratibu wa Paulo unampendelea aliyekaa kuliko aliyesimama. Unamlinda mama wa karatasi.

Haya, namna tunavyofanya.

Maandalizi yanaanza Jumatatu. Mstari wa 26 unasema mkutanapo kila mmoja ana zaburi, ana fundisho, ana ufunuo, ana lugha, ana tafsiri, ni "ana", yaani anakuja nacho. Kwa hiyo Jumatatu natupia ujumbe kwenye grupu la WhatsApp, njoo na kimoja: zaburi, wimbo, ushuhuda, mstari uliokukaa wiki hii, au hata swali. Wengine waliona kama tunamtoa Roho kwenye ghafla yake na kumpangia, lakini mi nasema Roho anaweza kabisa kukupa neno Jumanne uko kwenye foleni ya Buguruni, jasho linakutoka, hasubiri mpaka kinanda kipande. Anayekuja hana kitu aje tu, hatuulizi na hatumwangalii kwa jicho.

Kukaa, kaeni duara. Usiweke meza ya mhubiri mbele, usiweke spika, sebule ya futi kumi na mbili haihitaji maiki. Kiongozi akae sehemu yoyote ila si kwenye kile kiti kikubwa cha baba mwenye nyumba (nilijaribu, watu wote wakawa wananiangalia mimi kabla ya kusema chochote, nikahamia mkekani).

Chakula sisi tumekitanguliza, chai na maandazi au mihogo, na hakiguswi mpaka waliochelewa na foleni wafike au saa moja na robo igonge, maana Paulo aliwaambia "subirianeni." Kuna Mwafrika mwenzetu, Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo wa zamani, kama mwaka 197 hivi anaelezea mlo wa Wakristo wa kwao, kwamba wakishanawa mikono na taa zikishawashwa kila mtu anaitwa katikati amwimbie Mungu, kutoka kwenye Maandiko au kutoka moyoni mwake mwenyewe, na anaongezea kwamba hapo ndo inajulikana mtu kanywa kiasi gani, mimi hiyo ilinichekesha sana. Tuliikopa hiyo ya kuimba. Kuna kijana fundi umeme ambaye hajawahi kusema sentensi tatu kwenye kikundi, lakini mwambie aimbe uone.

Halafu zamu zenyewe. Nikishafungua kwa maombi mafupi nasema tu, nani ana kitu? Kisha nanyamaza. Hapa ndo pagumu kuliko pote, kiukweli. Wiki ya kwanza kimya kilikaa mpaka nikasikia friji la jikoni linanguruma, na mimi mdomo unaniwasha nijaze pengo, nikajikaza. Usijaze. Watu waliozoea kulishwa wanahitaji muda kuamini kwamba kweli unawasubiri wao. Aliyeanza siku ile ni binti wa kidato cha tatu, alikuwa na swali tu kuhusu kusamehe, na swali lile lilitula saa nzima, fundisho ambalo mimi ningeandaa lisingefika hapo.

Dakika tano mpaka saba kwa mtu. Hizo dakika ni zetu, sio za Paulo, yeye hakutaja saa, sisi tumeweka kwa sababu ya daladala. Aliyekaa akipata neno ananyoosha mkono kidogo tu, anayeongea anamalizia sentensi yake anaketi, hasemi "ngoja kidogo nimalizie pointi tatu." Mwanzoni inauma. Baada ya kama mwezi mtu anazoea, na anagundua kwamba zile pointi tatu zingine hata hazikuwa na kazi.

Kunena kwa lugha: wawili au watatu, si zaidi, zamu kwa zamu, na mmoja afasiri. Sisi tunauliza kabla, nani hapa huwa anapewa tafsiri? Kama hayupo, aliyejaliwa lugha anaomba moyoni, yeye na Mungu wake, hamna aliyemzuia. Na kumbuka nyumba zetu hizi, ukuta mmoja wapangaji wanne, Paulo mwenyewe aliwaza mgeni akiingia akawakuta wote mnanena kwa lugha atasema mna wazimu, sembuse jirani mwenye mtoto mchanga na shifti ya alfajiri. Sauti ishuke, madirisha ni yale yale.

Unabii ndo wenye mambo. Wawili au watatu wanene, wengine wapambanue, na hicho kipande cha pili watu wanakiruka kama hakijaandikwa. Sisi mtu akishatoa neno tunakaa kimya dakika mbili, halafu tunaliongelea mbele yake, kwa heshima: linakubaliana na Maandiko? Linajenga, linatia moyo, linafariji (mstari wa 3)? Kuna mwingine lililomgusa vile vile? Likipita tunalishika, lisipopita tunaliacha na mtu hafukuzwi, anaketi tu. Paulo kule Thesalonike aliwaambia msimzimishe Roho, msitweze unabii, na hapo hapo jaribuni mambo yote, vinakwenda pamoja.

Na tumepiga marufuku unabii wa kutaja mchawi. "Nimeoneshwa mwanamke mnene anakaa upande wa bafuni", jamani, nyumba ya kupanga hiyo, kesho asubuhi watu wanavunjiana ndoo. Kuna kikundi nilipita zamani kilikufa kwa sentensi moja kama hiyo. Na wa kuomba hela pia hapana. Didake, mwongozo wa Wakristo wa zamani sana, unasema nabii akisema kwa roho "nipe fedha" msimsikilize, isipokuwa kama anaombea wengine wahitaji, na akiagiza chakula kwa roho halafu akakila mwenyewe huyo ni wa uongo. Tulivyosoma hiyo sebule nzima ilicheka maana kila mtu alikuwa na mtu wake kichwani.

Lazima mtauliza wanawake wanyamaze au? Mstari wa 34 upo, siuruki, lakini sura ya 11 mstari wa 5 Paulo anaongelea mwanamke anayeomba na kutoa unabii kana kwamba ni jambo la kawaida, kwa hiyo sisi tunasoma mstari wa 34 tukiwa na wa 11:5 mkononi, na kwetu wanawake wanashiriki kama wengine. Kanisa lako lina msimamo wake, fuateni, msigombane.

Kosa jingine, usije ukadhani hii inafuta ibada ya Jumapili. Justin, mwandishi mwingine Mkristo wa zamani, kule Roma miaka ya 150 na kitu, anaeleza Jumapili yao: msomaji anasoma kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anaonya na kutia moyo, wote wanasimama kuomba, mkate na kikombe, watu wanasema amina, na sadaka inaenda kwa yatima na wajane. Kumepangika zaidi kuliko Korintho na ni Wakristo wale wale. Kanisani wako mia tano, hakuna namna ya kupeana zamu. Sebuleni mko kumi na tatu, huna kisingizio.

Kufunga tunafunga saa mbili na nusu, hata kama kumenoga, aliyebaki na neno anatangulia wiki inayofuata. Yule mama tulimtanguliza. Alisimama, ingawa tulimwambia akae tu, akafungua ile karatasi, ilikuwa imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo, akasoma Zaburi 116, "Nimrudishie Bwana nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?", akamtaja mjukuu, akasema amina. Dakika mbili hazikufika. Akaikunja tena mara nne, akairudisha kwenye Biblia, akageuka kwa kijana aliyekaa jirani yake: "Baba, magari ya Kinyerezi saa hizi bado yapo?"