Jinsi ya kuitazama Diamox ikiwa ndani ya kimeng'enya chake

Wapanda Kilimanjaro wengi humeza asetazolamaidi, yaani Diamox, na wenye presha ya macho huandikiwa dawa hiyohiyo. Inachozuia ni kaboniki anhidrasi, kimeng'enya kinachogeuza kabonidioksidi na maji kuwa bikaboneti. Umbo la fuwele la aina ya II ya kimeng'enya hiki cha binadamu, likiwa na dawa hii ndani, linapatikana bure katika Protein Data Bank, hazina ya mtandaoni ya maumbo ya protini, kwa namba 3HS4. Nalipendekeza kwa anayeanza kwa sababu ubainifu wake ni angstromu 1.1 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na kwa kiwango hicho atomu zinatofautishika vizuri.

1. Pakua. Kwenye PyMOL, programu ya kuchora molekuli (toleo huria linatosha), andika:

`fetch 3hs4`
`hide everything`
`show cartoon`

Ukiona hesabu ya asidi amino inaruka kutoka 125 hadi 127, usihangaike. Ni mapokeo ya zamani ya kuhesabu, hakuna kilichopotea.

2. Tafuta zinki.

`show spheres, resn ZN`
`show sticks, resi 94+96+119`

Iko chini kabisa ya shimo lenye umbo la koni, imeshikwa na asidi amino tatu aina ya histidini. Nafasi ya nne, dawa isipokuwepo, hukaliwa na maji, na hapo ndipo kazi yote ya kimeng'enya hufanyika.

3. Onyesha dawa, pima. Ndani ya faili inaitwa AZM.

`show sticks, resn AZM or resi 199`
`distance umbali, resn ZN, resn AZM and elem N, 2.5`

Utasoma takriban angstromu 2: naitrojeni ya salfonamaidi, kundi la atomu lililo kwenye ncha ya dawa, imeyafukuza maji na kukamata zinki yenyewe. Threonini 199, asidi amino nyingine ya kimeng'enya, inaishikilia kwa vifungo vya haidrojeni.

4. Dai ushahidi. Hapa usiharakishe. Vijiti ulivyochora ni tafsiri ya watafiti. Kilichopimwa kwa eksirei kinaonekana kwenye ramani ya elektroni, inayoonyesha zilikosongamana.

`fetch 3hs4, type=2fofc`
`isomesh ramani, 3hs4_2fofc, 1.0, resn AZM, carve=1.6`

Wavu ukiifunika dawa yote, pandisha kiwango cha ramani kutoka 1.0 hadi 2.0, kisha 3.0, uone sehemu ipi inavuliwa mapema. Salfa mbili hudumu kwa kuwa zina elektroni nyingi. Sehemu inayobaki uchi hata kwenye 1.0 usiipimie umbali wowote, hata kama mchoro wake unapendeza.