Namna ya Kufuatilia Asili ya Nishani ya Msalaba wa Victoria

Anayetaka kujua asili ya Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini Uingereza, aanze kwa kuugeuza. Upande wa mbele una simba, taji na maneno “For Valour”, na hayo hayatofautiani kati ya nishani moja na nyingine. Nyuma, ndani ya duara la katikati, huchongwa tarehe ya tendo lililotuzwa. Jina, cheo na kikosi cha mtunukiwa huchongwa nyuma ya kile kipande cha juu kinachopitishiwa utepe.

Ukishapata jina na tarehe, tafuta tangazo katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali, bila kujifunga na mwaka uliochongwa, kwa kuwa tangazo huweza kuchelewa sana. Sajenti Nigel Leakey wa King's African Rifles aliuawa akikabiliana na vifaru vya Waitalia nchini Ethiopia mwezi Mei 1941, ilhali nishani yake ilitangazwa mwaka 1945.

Tarehe iliyotangulia nishani yenyewe nayo isikutie shaka. Malkia Victoria alitia saini hati ya kuianzisha tarehe 29 Januari 1856, lakini waliohudumu katika Vita vya Krimea tangu 1854 walihesabiwa. Tendo la kwanza kabisa ni la tarehe 21 Juni 1854, wakati Charles Lucas, kwenye sitaha ya meli Hecla katika Bahari ya Baltiki, alipolibeba kombora ambalo utambi wake ulikuwa ukiwaka na kulitupa majini. Tazama pia utepe: hadi 1918 wanamaji walivaa wa buluu, na wanajeshi wa nchi kavu mwekundu.

Kuhusu madini, nashauri uangalifu. Husimuliwa kwamba kila nishani imetokana na mizinga ya Warusi iliyotekwa Sevastopol, na simulizi hiyo inapendeza kweli. Hata hivyo, vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa nyingi, hasa za tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, zimetokana na mizinga ya Kichina. Kwa hiyo mwuzaji anayekutajia Sevastopol hajathibitisha lolote. Nakala za kuigiza ni nyingi, na ushahidi wenye uzito ni maandishi ya nyuma yanapolingana na tangazo la gazeti pamoja na rejista ya watunukiwa iliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew.